Alama juu ya nyusi: kwa fundi wa picha za zamani, Mwanza

Nimekaa na maneno haya tangu Julai, nikisubiri uchungu wa duka la kwanza upoe ili nimsifu fundi wa pili bila kuzichafua sifa zake. Kama una picha ya baba, mjomba au rafiki aliyewahi kuvaa gwanda, imeliwa na maji au ukungu, na unataka itengenezwe umkabidhi mwenyewe angali hai, nakuomba usome kabla hujaitoa mkononi mwako.

Picha yetu ni ndogo, saizi ya postikadi, nyeusi na nyeupe. Ilipigwa studio moja ya Bukoba mwezi Desemba 1978. Vijana watatu mbele ya pazia la maua: katikati kakaa rafiki yao, kushoto kasimama Baba, kulia Baba Mdogo. Baba Mdogo ndiye peke yake ambaye nguo zimemkaa sawasawa, kwa sababu alikuwa JWTZ tangu kabla ya vita. Baba na rafiki yake walikuwa mgambo wa juzi tu, na mikono ya magwanda yao imeshuka mpaka kwenye vidole.

Walioishi Kagera wakati ule hawahitaji kusimuliwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Nduli Idi Amin yalivuka mpaka, yakaikalia ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, yakaua watu, yakaswaga ng'ombe, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akasema nchi inayo sababu ya kumpiga, inao uwezo na inayo nia. Baba aliyasikia maneno hayo redioni, nje ya duka la kijijini kwetu Muleba, akiwa na miaka 23. Rafiki yake alikuwa amesimama pembeni yake na baiskeli. Haikupita wiki mbili wote wawili walikuwa wameshajiandikisha. Nilipomuuliza walishauriana nini, alinijibu, "Hatukuulizana."

Walivuka Mutukula Januari 1979. Masaka ilichukuliwa Februari. Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili, Baba alikuwamo, miguu imevimba kwa kutembea. Rafiki yake hakufika. Alibaki njiani, kati ya Masaka na Kampala, na sasa amelala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa, hukohuko wilayani kwetu Muleba. Kwao hawakuwahi kuwa na picha nyingine yake. Hii ya watatu ndiyo sura yake yote iliyobaki duniani.

Miaka mingi ilikuwa ukutani sebuleni. Tarehe 10 Septemba 2016, siku ya lile tetemeko, fremu ilianguka, kioo kikapasuka vipande viwili, ukuta ukafanya ufa. Mvua iliyofuata ikapita kwenye ufa. Picha ikalowa na kunata kwenye kioo. Mama aliifunga kwenye mfuko wa nailoni akaitia ndani ya kopo la biskuti, na humo ikakaa mpaka Pasaka ya mwaka huu nilipokwenda nyumbani nikalifungua nikitafuta uzi wa kushonea.

Nilikaa chini pale chumbani nikaitazama muda mrefu, na kilichonijia si vita. Kilichonijia ni tarehe 25 Julai. Kila mwaka Siku ya Mashujaa Baba hukaa mbele ya televisheni tangu asubuhi. Anaangalia mkuki na ngao vikiwekwa mnarani, halafu sime, halafu mashada, halafu wazee na silaha zao za jadi. Tarumbeta ikilia, yeye husimama. Husimama hapo hapo katikati ya sebule, mikono ubavuni. Na sisi watoto wake, tukiwa wadogo, tulikuwa tukimwambia, "Baba, kaa, unatuziba." Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia asante. Si kwa ubaya. Baba alikuwa mkulima wa kahawa na migomba, alikuwa mkali kwenye daftari za shule, na habari ya Kampala ilikuwa hadithi ya jioni tu. Niliifunga picha kwenye kitenge nikarudi nayo Mwanza, nimeshaamua kwamba Julai hii tutaisema hiyo asante, na tutaisemea kwenye picha hii.

Sasa duka la kwanza. Silitaji jina wala mtaa, maana nia yangu si kumharibia mtu biashara. Ni zuri kwa macho, lina kiyoyozi na skrini kubwa ukutani. Kijana aliipiga picha yetu kwa simu, akaiingiza kwenye programu, akaniambia nikae. Nusu saa haikufika, kazi imekwisha. Shilingi 25,000.

Aligeuza skrini akasema, "Sasa wamependeza."

Walipendeza kweli. Baba Mdogo, ambaye kwenye picha amefumba mdomo, alikuwa anacheka na meno meupe yamejaa. Magwanda yao ya rangi moja yalikuwa yamegeuzwa mabakabaka ya siku hizi, mikono imekatwa sawa na kifundo. Pazia la maua limekuwa bendera. Nilimtazama yule wa katikati nikaona simjui. Nimeishi na uso ule ukutani tangu nizaliwe, na pale palikuwa na kijana mwingine kabisa, mzuri, laini, asiye wa mtu yeyote. Nilipolalamika niliambiwa wateja wote wanapenda hivyo, na kwamba picha ya zamani haiwezi kujua uso ulikuwaje, programu ndiyo inayokisia.

Nililipa nikaondoka. Njiani nilikuwa nikimfikiria yule dada yake marehemu, tunayemwita Shangazi, ambaye ningempelekea hiyo sura na kumwambia, haya, huyu ndiye kaka yako. Halafu hayo mabakabaka. Sare ya jeshi kwetu ni kitu kizito. Mwaka 2023 JWTZ ilitoa siku 7 kwa raia wote wenye mavazi ya kijeshi kinyume cha sheria wayasalimishe. Mtu aliyekufa akiwa kwenye gwanda lililompwaya, ukimvalisha jipya asilolijua kwa kubofya tu, umempokonya lile alilokwenda nalo.

Mwalimu mwenzangu shuleni ndiye aliyenielekeza kwa huyu fundi. Yuko upande wa Makoroboi, ghorofa ya kwanza, juu ya wauza vitenge. Hana bango. Uliza "fundi wa picha za zamani", wamachinga wa pale watakuonyesha ngazi. Ngazi zenyewe ni nyembamba na zimesimama sana. Ukiwa na mzazi mwenye magoti mabovu, mwache chini anywe soda.

Ni mtu mzima, amepita hamsini, alianza kazi enzi za chumba cha giza na bado ana harufu yake ofisini. Nilipomwekea kopo mezani hakuuliza saizi wala fremu. Aliuliza, "Hawa ni nani?" Akafungua kaunta buku akaandika majina matatu, nani yuko hai, nani hayuko, picha ilipigwa wapi, nguo zilikuwa za rangi gani. La rangi sikulijua. Ilibidi nimpigie Baba pale pale, akasema kijani kibichi, mpya, inanukia dawa. Fundi akaandika hata hilo la dawa.

Halafu nikamwona anafanya jambo lililonituliza moyo. Mimi nilidhani ataibandua picha kwenye kioo. Yeye aliiweka kwenye skana pamoja na kioo chake, akaichukua kwanza jinsi ilivyo. "Ikishang'ang'ania kioo, ukiivuta inaacha ngozi yake pale," aliniambia. Baada ya hapo ndipo alipoanza kupitisha brashi laini pembeni, taratibu, akiondoa vumbi na vipande vilivyolegea, na ile sehemu iliyonata hakuigusa kabisa. Mpaka leo ya asili bado iko kwenye kipande chake cha kioo, ndani ya bahasha ya karatasi. Alinikataza kuirudisha kwenye nailoni. Nailoni, anasema, inafuga unyevu.

Siku ya nne, saa nne ya mapumziko, nikiwa nasahihisha madaftari, simu ikaita.

"Dada, samahani. Hii alama juu ya nyusi ya kijana wa katikati, ni ya picha au ni ya mtu?"

Sikulijua jibu. Nimeiona picha ile maisha yangu yote na sikuwahi kuiona hiyo alama. Nikampigia Baba. Nikamweleza, nyusi ya kushoto, kama mstari mfupi umelala. Upande wa pili pakawa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Ni ya mtu," akasema. "Mimi ndiye niliyemtia."

Walikuwa na miaka 10 au 11. Baba anaendesha baiskeli ya babu, rafiki yake kapakiwa mbele kwenye bomba, mkungu wa ndizi nyuma. Mteremko wa kwenda mtoni ukawashinda, baiskeli ikaingia kwenye migomba, rafiki akakita uso kwenye usukani. Wakasema nyumbani kwamba ameanguka kwenye mti, ili Baba asichapwe. Siri hiyo ilikaa mpaka wote wawili wakawa watu wazima. Baba alinisimulia kwa dakika 20, mimi nimesimama barazani nje ya chumba cha walimu, wanafunzi wamesharudi darasani. Sijawahi kumsikia akimzungumza yule rafiki kama mtoto mwenzake. Siku zote alikuwa "marehemu", au "yule tuliyemwacha".

Duka la kwanza alama ile ilikuwa imefutwa kama doa. Nilirudi kuangalia ile picha yao kwenye simu yangu kuhakikisha. Paji la uso ni safi kama sahani.

Kwa hiyo ukiniuliza nimelipia nini kwa huyu fundi, nimelipia lile swali.

Kazi ya uso ilimchukua jioni tatu. Nilipita mara moja nikamkuta ameikuza nyusi hiyohiyo mpaka imejaa skrini nzima, anajaza chembe moja moja palipopasuka, na ule mstari ameuzungushia kama mtu anayepalilia bila kukata mche. Palikuwa na sehemu ngumu kuliko zote: sikio la kulia la rafiki na kipande cha shavu maji yalikuwa yameyala yote, pamebaki weupe mtupu. Tulimpigia Shangazi kwa video ya WhatsApp akaangalia, akasema anakumbuka sauti ya kaka yake na jinsi alivyokuwa akimbeba mgongoni, sikio hakumbuki. Alikuwa na miaka 9 tu. Fundi akanigeukia. "Hapa sina kitu. Nikiweka sikio litakuwa langu, halitakuwa lake." Akapatuliza tu, akapapaka kijivu kinachokaribiana na pazia ili pasishtue jicho, akapaacha. Wapo watakaosema kazi haijakamilika. Mimi nampa alama zote hapo.

Rangi hakuweka. Nilimuuliza, si tulikuandikia kijani? Akasema ile ya kijani aliitaka ili ajue weusi upi ni wa nguo na upi ni wa ukungu.

Kwenye kibati cha chini ya fremu ndipo tuliposumbuana, na tuliosumbuana ni mimi na Baba. Mimi nilitaka "Mashujaa Wetu". Baba akakataa kwa simu. "Shujaa ni huyo wa katikati. Sisi wengine andika tulikwenda." Baba Mdogo, ambaye alitumikia jeshi mpaka kustaafu, akaunga mkono, akaongeza kwamba nembo ya jeshi tusiiweke, hatuna ruhusa nayo. Mwishoni kibati kilisomeka majina matatu, Kagera 1978–1979, na chini yake neno moja: Asanteni. Neno hilo nililiongeza mimi bila kumwuliza mtu.

Bei, kwa wanaotaka kujipanga. Kusafisha na kurekebisha 60,000. Nakala mbili za inchi 12 kwa 16 kwenye karatasi isiyong'aa, 36,000. Fremu mbili za mninga na vioo vyake, 90,000. Vibati viwili, 24,000. Jumla 210,000, nusu unatanguliza. Faili la kompyuta alinitilia kwenye flashi bila kuniongezea hata shilingi. Ni pesa nyingi kwa mshahara wa mwalimu, nilichangiwa na wadogo zangu wawili, na sijutii.

Kasoro zipo nazo nitazisema, maana yeye mwenyewe aliniambia niseme. Aliahidi siku 9, zikawa 13, na nusu ya kosa ni kibati cha kwanza kilichokuja kimechongwa 1987. Kilirudiwa bila malipo, lakini nilikuwa nahesabu siku za kusafiri na sikulala vizuri. Risiti hatoi mpaka uiombe. Kioo cha fremu kinang'aa kuliko karatasi yenyewe, kwa hiyo ukiitundika mkabala na dirisha utajiona mwenyewe. Omba kisichong'aa ukiweza kuongeza pesa. Na kile kitanzi cha kutundikia ni chepesi mno kwa uzito wa mninga. Cha fremu yetu moja kilifunguka kabla haijafika ukutani, Baba Mdogo akakipigilia kingine.

Kufunga mzigo kwa safari, hapo simpati mwenzake. Alizungushia kila fremu kadibodi za maboksi ya sabuni, pembe zote nne akaziwekea mara mbili, halafu akaniambia meli ni salama kuliko basi kwa vioo. Nilipanda meli ya usiku, nikashuka Kemondo alfajiri, nikachukua gari la Muleba nikiwa nimezipakata. Hakuna hata mkwaruzo.

Tarehe 25 Julai tuliangalia kwanza sherehe kwenye televisheni. Tarumbeta ilipolia Baba akasimama, na safari hii Baba Mdogo naye, na sisi wote nyuma yao, wajukuu pia. Kisha Mama akapitisha kahawa ya kutafuna, nikaleta fremu zimefunikwa kanga.

Nilipiga magoti mbele ya Baba. Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi, yakabaki haya: "Asante Baba kwa kwenda. Asante kwa kurudi." Kwa Baba Mdogo nikasema asante kwa miaka yote aliyokaa kambini, sikukuu nyingi hayupo, na mama mdogo akiwa peke yake na watoto. Yeye alikuwa anaangalia mikono ya gwanda la Baba kwenye picha. "Nilimkunjia asubuhi," akasema, "akaikunjua ili aonekane mkubwa."

Nakala ya pili ilikuwa ya Shangazi. Alikuja na mkongojo na binti yake. Nikampigia magoti naye, nikamwambia, "Asante kwa kaka yako." Hakuitikia. Aliondoa kanga, akaisogeza fremu mpaka karibu na macho, na kidole chake kikaenda moja kwa moja juu ya nyusi, kikapita kwenye ule mstari, kikarudi. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za baiskeli.

"Alikuwa mdogo hivi?" akauliza.

"Sote tulikuwa," Baba akamjibu.

Wakakaa wawili hao barazani mpaka jioni, na ndizi na sato tuliowaandalia zikapoa. Baba alimsimulia ile ajali ya mteremkoni, akamwomba radhi kwa niaba ya mvulana wa miaka 10, na Shangazi akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Nilipokuwa naaga, Baba aliniita pembeni. Anataka nakala ya tatu, ndogo, ya kuingia mfuko wa shati, iliyopigwa laminesheni, kwa sababu anataka kwenda nayo Kaboya na fremu ni nzito kubeba. Nimeshapeleka ujumbe. Fundi amesema 6,000, niipitie Alhamisi.